Miti Arobaini na Moja Aliyosema Imeoza

Mpasua mbao huyu ana sikio moja. Kichwani yapo mawili, kila moja mahali pake, lakini la kulia lilikufa angali kijana, siku tawi lilipompiga. Tangu hapo watu wakamwita Sikio-Moja, wakubwa kwa watoto, naye akaitika. Jina la utani likishakaa miaka hamsini si la utani tena.

Kupasua mbao hakutaki shule. Kunataka mgongo, msumeno wa watu wawili, na mwenzako. Gogo linalazwa juu ya shimo. Mmoja anasimama juu ya gogo, mmoja anashuka shimoni, na msumeno unapanda na kushuka kati yao tangu asubuhi hadi jua la utosi. Wa juu anafuata mstari. Wa chini anakula vumbi la mbao. Sikio-Moja alikuwa wa juu. Mwenzake kwa miaka kumi na miwili sasa ni mtu mfupi, mwingi wa maneno, na kwa ajili ya kazi yake watu walimwita Wa Chini.

Lakini kabla ya msumeno kuna sikio. Mti mzima ukiugonga kwa nyuma ya shoka unajibu kwa sauti nzito, fupi. Mti uliooza kiini unajibu kama debe tupu. Ukikosea, mnakata siku mbili, mti unaanguka, ndani mnakuta ugoro. Siku mbili zimekwenda na migongo imekwenda.

Sikio la Sikio-Moja lilikuwa mke wake. Yeye anagonga, mke analaza shavu kwenye gome, anafumba macho.

"Huu mzima," anasema.

Au: "Huu umeoza, baba watoto. Twende mbele."

Ndiyo basi. Kwa wapasua mbao, mti huchaguliwa na mmoja, na akishachagua haulizwi. Mkianza kuulizana kila mti, hamkati kitu. Na mke huyu hakuwahi kukosea. Miaka thelathini na nne, kila mti aliousema mzima, ulikuwa mzima. Wapasuaji wengine walikuwa wakimtania Sikio-Moja kwamba mahari aliyotoa ilikuwa ndogo.

Mke alikufa miezi minne iliyopita. Homa ya siku tano, basi. Alikuwa anafua siku ya Jumatatu, Ijumaa akafunikwa. Sikio-Moja alipasua magogo yaliyokuwa yamebaki shimoni, akayamaliza, akakaa. Hakukata mti mwingine. Wa Chini alikuja mara mbili na shoka begani, akakuta mzee kaketi kwenye kigoda anatazama ukuta, akarudi kwake.

Ndipo likaja la hifadhi.

Serikali ilikuwa inaufanya msitu kuwa hifadhi ya taifa, kwa ajili ya hondohondo. Huyu ni ndege mkubwa, mweusi, mwenye mdomo mnene na juu ya mdomo kama kofia. Wamepungua sana. Hawajengi kiota cha vijiti. Wanataka tundu kwenye mti mkongwe, na miti mikongwe ndiyo ya mbao. Milima yote ilikuwa imekwisha pimwa. Vigingi vilifika ukingo wa bonde walimopasulia mbao, vikasimama. Ubishi ulikuwa bonde. Kama hondohondo wanazaa bondeni, bonde linaingia hifadhini na msumeno haukanyagi tena. Kama wanapita tu, bonde linabaki kwa watu. Na wapasua mbao hawakuwa na pengine. Kwingine kote walikwisha kumaliza wenyewe.

Kamati ya mipaka ingesikiliza watu Alhamisi. Mwenyekiti wa wapasuaji alikuja Jumanne nyumbani kwa Sikio-Moja, akavuta kigoda.

"Mzee, pole na upweke. Lakini Alhamisi wewe ndiye mdomo wetu."

"Mdomo wangu una nini?"

"Una miaka thelathini na nne bondeni. Nani atakubishia? Sema ulichoona tu. Hondohondo wanakaa?"

"Wanapita. Hawakai."

"Umewahi kuona tundu lao?"

"Hata moja."

"Basi tumepona," alisema mwenyekiti, akampigapiga gotini.

Sikio-Moja hakuwa anasema uongo. Ndivyo alivyojua. Na kusema kweli alitaka bonde libaki. Hakuwa na kazi nyingine, na mtu aliyefiwa asipokuwa na kazi, kuta zinamsogelea.

Jumatano ilikuwa ya kukagua. Kamati ilimtuma mtaalamu wake wa ndege, atembee bondeni pamoja na wapasuaji, ili pande zote zione kitu kimoja. Sikio-Moja akaenda na Wa Chini. Mtaalamu alikuwa binti, umri wa mjukuu, na buti zilizompwaya.

"Buti hizo umeazima kwa baba?" Wa Chini akauliza.

"Kwa kaka. Wewe zako umeazima kwa nani?"

Wa Chini akatazama miguu yake mitupu, akacheka hadi akakohoa. Wakashuka bondeni wakiwa marafiki.

Mti wa kwanza ulikuwa umepigiliwa kibati kidogo chenye namba.

"Huu," binti alisema. "Kiota cha kwanza."

Sikio-Moja akatabasamu. "Binti, huu umeoza. Tuliupita zamani."

"Tazama juu."

Akatazama juu hadi shingo ikauma. Mbali, penye tawi la kwanza, palikuwa na tundu, na pembeni mwa tundu udongo mkavu kama wa kupiga ukuta. Hakuwahi kuuona. Mpasua mbao anatazama shina. Juu hakuna mbao, kuna matawi tu.

"Jike anaingia humo," binti akaeleza, "anazibiwa mlango kwa udongo, anabaki na ufa. Anakaa ndani miezi mitatu, minne. Dume ndiye anamlisha. Dume akifa, jike na watoto mambo yao ni magumu."

Wa Chini akasema, "Kumbe wapo wanaume wa kazi."

Mti wa pili, kibati. Sikio-Moja akasema huo pia umeoza. Wa tatu, vilevile. Wa nne aliukumbuka hata siku yake: mke alikuwa na kanga ya manjano, alilaza shavu, akakaa sana, akatikisa kichwa. Kufika wa tano, binti alikuwa hatazami mti tena. Anamtazama yeye.

"Mzee, samahani. Nani alikwambia miti hii imeoza?"

"Mke wangu. Yeye ndiye alikuwa anasikiliza."

Binti akafunga daftari. "Ni yule mama anayechechemea mguu wa kushoto?"

Sikio-Moja akamgeuzia sikio zima, akidhani hakusikia vizuri. "Umemjulia wapi wewe?"

"Ofisini kwetu. Miaka sita anakuja. Anakaa kiti cha karibu na mlango, hataki chai, anatutajia mti mmoja mmoja. Mwaka huu hajaja. Nilikuwa nataka kuuliza watu. Hajambo?"

Wa Chini akainamisha uso.

"Tumemzika," Sikio-Moja alisema. "Huu mwezi wa nne."

Binti akakaa juu ya mzizi, hapo hapo. Akavua kofia.

"Hakuna aliyetuambia," alisema mwishowe.

"Nani angewaambia? Hata sisi hatukujua kwamba mnamjua."

Ilikuwa kweli, na ilimwingia polepole, kama maji baridi ndani ya shati. Kiti cha karibu na mlango. Hataki chai. Huyo ni yeye, chai ya watu alikuwa hanywi. Lakini mlango gani? Ofisi gani? Mke wake alikuwa anakwenda mjini mara moja moja, kliniki, kwa ajili ya mguu. Anarudi na vidonge kwenye karatasi.

"Alisema nini?" akauliza. "Siku ya kwanza. Alianza kwa kusema nini?"

Binti akafunua kurasa za mwanzo, akasoma kwa sauti ya chini. "Alisema: nitawatajia miti ya ndege. Ni arobaini na moja. Hii ndiyo miti niliyomwambia mume wangu imeoza."

Sikio-Moja akanyoosha mkono. Wa Chini akaelewa, akampa shoka. Mzee akageuza shoka, akagonga shina. Akagonga mara ya pili kwa nguvu.

"Sikiliza," akamwambia Wa Chini.

"Mimi si msikilizaji, mzee."

"Leo sikiliza."

Wa Chini akalaza shavu kwenye gome. Mzee akagonga. Wa Chini akainuka, uso umebadilika.

"Gonga tena."

Akagonga.

"Mzee, mti huu mzima. Tundu liko kule juu tu. Huku chini ni chuma."

Wakaenda wa sita, mzima. Wa saba, mzima. Wa nane, wa tisa. Kila mmoja sauti nzito, fupi, hata sikio lililobaki la mzee liliipata. Kufika wa kumi na mbili Wa Chini akaweka shoka chini.

"Inatosha. Nimechoka kusikia."

Sikio-Moja alisimama kama kigingi. Miaka thelathini na nne alikuwa akiipita mizuri kuliko yote, amebeba msumeno, anamfuata mwanamke anayechechemea, anamshukuru.

"Kumbe hata wale siafu," Wa Chini akasema ghafla.

Binti akauliza siafu gani. Wa Chini akamweleza. Kila mwaka, msimu fulani, shemeji alikuwa anakuja shimoni mbio, anakung'uta kanga: siafu hao, hameni, hameni haraka. Nao wanahama ng'ambo ya kijito, wanachimba shimo jipya.

"Msimu upi?" akauliza binti.

Wa Chini akautaja.

"Huo ndio wa kuzaa."

"Mashimo kumi na mawili nimechimba mimi," Wa Chini alisema. "Kumi na mawili. Kwa mikono hii."

"Uliwahi kuwaona hao siafu?" mzee akamuuliza.

"Mzee, mtu akikwambia siafu unasubiri kuwaona?"

Sikio-Moja alirudi nyumbani jua likiwa bado juu. Binti yake mkubwa, aliyehamia kumpikia tangu msiba, alikuwa nyuma ya nyumba anasugua sufuria kwa majivu. Mzee hakuketi.

"Mama yako akisema anakwenda kliniki, alikuwa anakwenda wapi?"

Mkono ukaacha kusugua. "Kliniki, baba."

"Na baada ya kliniki?"

Binti akaweka sufuria chini.

"Baba, usinikasirikie."

"Sijakasirika. Nataka kujua niliishi na nani."

"Uliishi na mama," binti alisema, na machozi yakaanza. Akafuta kwa kiwiko, uso ukabaki na majivu. Kisha akasema yote. Alikuwa anampeleka yeye, kwa sababu mama hakuweza kusoma vibao vya mjini. Safari za ofisini zilikuwa za miaka sita. Uongo ulikuwa wa zamani kuliko yeye mwenyewe binti.

"Alikuwa na mimba yangu. Uligonga mti, akaweka sikio. Akasikia kitu kinaparuza ndani, juu. Akatazama, akaona ncha ya mdomo imetoka kwenye ufa, na dume amekuja na tunda. Aliniambia alikuwa anataka kusema mzima. Mdomo wake wenyewe ukasema umeoza."

"Kisha?"

"Kisha akaona umemwamini."

Sikio-Moja akashika nguzo ya kibaraza.

"Kwa nini hakuniambia baadaye? Miaka yote?"

"Hilo hakuniambia mimi, baba."

Mchana huo hakula. Alikaa anakumbuka miti. Wengine wakifiwa wanakumbuka sura, yeye alikumbuka shavu kwenye gome na macho yaliyofumbwa, na hakujua tena yale macho yalikuwa yanafumbwa ili asikie au ili asimwangalie yeye. Alimlilia miezi minne mwanamke aliyemjua. Sasa hakujua amlilie yupi. Hilo ndilo lililomtisha, kuliko bonde.

Alhamisi ukumbi wa ofisi ya kata ulijaa. Mabenchi hayakutosha, watu wakasimama ukutani. Feni ilikuwapo, haikuzunguka. Mbele, ramani kubwa ilibandikwa, kona moja imebanduka, na mstari wa mpaka ulikuwa umechorwa kwa wino mwekundu hadi bondeni, ukakatika. Mkuu wa kamati alikuwa mama mwenye miwani, mpole, asiyekatiza mtu.

Mtaalamu wa ndege akasoma orodha yake. Akasema wazi kwamba sasa si msimu, matundu ni matupu, na kwamba yeye mwenyewe ameona ndege ndani ya miti tisa tu. Habari ya miti mingine na ya miaka mingi imetoka kwa mama mmoja, sasa ni marehemu.

Mwenyekiti wa wapasuaji akainuka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watu nyuma yake wanaotaka kula.

"Mheshimiwa, marehemu tunamwombea heri. Lakini hakujua kuandika hata jina lake. Leo tufunge bonde zima kwa maneno ya mtu aliyekufa? Bahati nzuri mume wake yupo hapa. Ametembea bonde hilo kabla wengine wetu hatujaota meno. Mzee, inuka utuambie."

Sikio-Moja akainuka. Wapasuaji walimwangalia kama watu wanaosubiri mlango ufunguliwe. Wa Chini alikuwa benchi la pili, anatazama vidole vya miguu yake.

"Mzee," mkuu wa kamati akauliza, "hondohondo bondeni wanakaa, au wanapita?"

"Mimi sijawaona wakikaa."

Wapasuaji wakanong'ona, wameridhika.

"Ila mimi nilikuwa natazama mstari wa msumeno," akaendelea. "Yeye alikuwa anatazama juu."

Minong'ono ikakatika.

"Mke wangu alinidanganya. Jana nimegonga miti minane. Yote mizima. Ningekuwa nimeshaipasua yote. Alikuwa anarudi nyumbani siku nyingine hatuna kitu, na miti ile ipo, na yeye anajua ipo. Alilala njaa na mimi. Alilaza watoto njaa." Akatafuta neno. "Mtu hadanganyi mara arobaini na moja, na njaa juu yake, kwa ajili ya kitu ambacho hakipo. Ndege wapo. Mimi ni shahidi wa uongo wake. Sina lingine."

Kisha sauti ikatoka nyuma, haikujitaja: "Kikulacho ki nguoni mwako."

Mzee akageuka. "Ndiyo," akasema. "Nguo ilikuwa yangu."

"Mzee, umetuua," mwenyekiti alisema kwa upole, karibu na kunong'ona. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa umepigwa na butwaa, kama uso wa mtu aliyekalia kiti kisichokuwapo.

Mkuu wa kamati aliteta na wenzake, wakatazama daftari la binti, wakatazamana. Akasema kuna ardhi upande wa barabara watapewa wapasuaji wapande miti ya mbao, na miche itatolewa. Mtu akauliza mche unachukua miaka mingapi kuwa mbao. Akaambiwa. Watu wakacheka kicheko kibaya. Kisha mama yule akavua kifuniko cha kalamu, akaenda kwenye ramani, akashika ile kona iliyobanduka kwa mkono wa kushoto, na kwa wa kulia akauzungusha mstari mwekundu nje ya bonde, ukafunga. Ilichukua muda mfupi kuliko kuvaa kiatu. Bonde likawa ndani.

Nje jua lilikuwa kali. Watu walimpita Sikio-Moja kama wanavyopita shimo, mbalimbali kidogo. Wa Chini alitoka wa mwisho. Akaja akasimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Mashimo kumi na mawili," alisema.

"Najua."

"Na mke wangu nitamwambia nini?"

"Mwambie ni mimi."

"Ameshajua ni wewe. Alikuwa dirishani anasikiliza." Wa Chini akatema mate pembeni, akajifuta. "Nikuulize kitu, mzee, unijibu kweli. Shemeji angekwambia. Siku ile ya kwanza, ana mimba, anakwambia baba watoto, mzima huu, lakini kuna ndege humo ndani amejifungia na wanawe. Ungeukata?"

Sikio-Moja alifungua mdomo aseme hapana. Tangu jana alikuwa ana maneno tayari ya kumwambia marehemu: ungeniambia tu, mama watoto, ningekusikiliza, mimi ni mume wako.

"Ningeukata," alisema.

Jibu lilitoka haraka kuliko alivyotaka. Akashtuka. Akangoja ndani yake litoke la pili la kulirekebisha, halikutoka.

"Hata mimi," Wa Chini alisema.

"Na kesho tunafanya nini?" akauliza Wa Chini.

"Sijui," mzee alisema. "Aliyekuwa anachagua hayupo."